Siku Niliyozifua Bendera za Boti

Watu wakisikia kwamba nilishona bendera kwa miaka saba, wanadhani nilikuwa mtumishi wa serikali, au labda niliwashonea jeshi. Wapi! Nilikuwa naishonea boti moja tu. Tena boti ya starehe, miaka ile ya ujamaa ambapo neno lenyewe starehe ulilitamka ukiwa umeangalia kwanza nyuma yako. Ndiyo maana kwenye karatasi za wilaya iliandikwa "boti ya mapumziko ya wafanyakazi", na kila mtu akapumua.

Siku hizo wilaya ya Tarime ilikuwa ndefu. Ilianzia kule milimani kwa Wakurya, ikateremka mpaka ziwani kwa Wajaluo. Upande huo wa ziwa sasa ni wilaya nyingine, lakini wakati huo tulikuwa kitu kimoja. Boti iliachwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akihangaika na dhahabu huko juu. Dhahabu ilipomkatalia alifunga virago, boti ikabaki mwaloni, pale wavuvi wanapopakulia samaki, imelala ubavu. Watumishi wa wilaya wakaichukua. Walikuja kila Jumapili, watu kumi au kumi na wawili, wakazunguka karibu na ufuko na chupa zao za chai na mkate wao, basi. Kisha likaja lile tangazo kwamba Jumapili baada ya saa nane mchana magari yasitembee, mafuta hakuna. Boti haikutajwa kwenye tangazo. Ilikuwa na tanga na makasia manne. Injini yenyewe ilikuwa ya kutazamwa tu. Ikapendwa maradufu. Wakubwa walikuwa radhi kulala mwaloni kwenye mikeka na kurudi mjini Jumatatu alfajiri, mradi wapate kuzunguka.

Mtunza boti, na baadaye nahodha wake, alikuwa mume wangu. Jina lake silitaji, nitamwita baba watoto kama nilivyomwita maisha yangu yote. Alikuwa Mkurya wa Itiryo, kule milimani, mtoto wa zizi. Kwao maji ni ya kunyweshea ng'ombe, na samaki ni chakula cha mtu aliyeishiwa. Aliteremka ziwani na fahali wawili wa kuuza, akaikuta boti inapakwa rangi, akasimama kuitazama tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Fahali aliwauza, lakini nyumbani hakurudi. Aliomba kazi ya kuilinda, akapewa. Akajifunza kasia na tanga kwa wavuvi wa Kijaluo, ambao walimcheka mpaka wakachoka wenyewe, na baada ya miaka miwili usukani ukawa wake.

Mimi alinikuta barazani kwa baba yangu, Tarime mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa pwani aliyeletwa huku na kazi akaoa huku huku, na mimi nilikua nimekaa miguuni pa cherehani. Huyu bwana alileta suruali iliyochanika nikaishona. Wiki ya pili akaleta nyingine. Wiki ya tatu akaleta ile ya kwanza, na mshono wangu mwenyewe nikauona umekatwa kwa kisu. Nikamwambia, "Kaka, suruali haina kosa. Sema shida yako." Akaisema. Alisilimu, tukaoana, tukahamia mwaloni.

Nilikuwa mke mmoja kwa karatasi, lakini kwa hakika nilikuwa mke wa pili. Wa kwanza alikuwa ile boti. Aliiamkia kabla hajaniamkia mimi. Aliipiga ubavu kwa kiganja kama wanavyopiga fahali mnadani, akazungumza nayo Kikurya, maneno laini ambayo mimi sikupata kuambiwa hata siku ya harusi. Mama yake alipokuja kututembelea alikaa upande wa kule kunakotoka upepo, akamwambia, "Mura, kijana we, nenda ukaoge, unanuka samaki." Ndugu zake walimwita kambare. Aliwachekea tu, kisha akaenda kuipangusa boti yake. Mimi nilimpenda kwa hilo, na lilinikera pia, vyote viwili, na sioni aibu kusema.

Bendera ya kwanza niliishona kwa hasira. Wakubwa walimwambia kwamba kile kitambaa kilichopauka kule nyuma kinawaaibisha wafanyakazi, atafute kingine. Akaja kunitazama mimi. Kitambaa kilikuwa hakipatikani miaka ile. Ukisikia duka la ushirika limepata marekani unaacha mtoto anyonye ukirudi. Baba alinipa mabaki yake: kijani, bluu, nyeusi, na njano ya kuokoteza. Asiyewahi kushona bendera ya taifa asiniambie kitu kuhusu cherehani. Ule ukanda mweusi unapita mshazari, na kitambaa ukikikata mshazari kinavutika. Ukikivuta hata kidogo, bendera nzima inajikunyata. Na upepo huanza kula ule ukingo wa mbali, usiofungwa mlingotini, kwa hiyo hapo nilipinda mara tatu na kutia uzi mbili mbili. Nilipomaliza ikapanda, ikanyooka, wavuvi waliokuwa wakianika nyavu wakasimama. Hasira zikaniishia pale pale.

Baada ya hapo hakuna aliyenizuia. Nikashona ya chama, ikakaa mbele. Nikashona vibendera vidogo vya kutundika kwenye kamba siku za sikukuu. Kila jioni saa kumi na mbili baba watoto alizishusha, akazikunja, akazileta nyumbani kwenye sanduku langu, na kila asubuhi alizichukua. Nilizifua kila wiki, sabuni iwepo isiwepo, na nilizipiga pasi. Nguo za watoto wangu hazikupigwa pasi kama zile bendera.

Sasa nije kwa mkaguzi.

Mkaguzi wa vyombo alikuja mara mbili kwa mwaka kutoka mkoani. Alikuwa mtu mpole, soksi nyeupe mpaka magotini, na mkobani alibeba msumari mrefu wenye mpini wa mti. Kwa vyombo vya wavuvi hakuwa na mchezo hata kidogo. Vilikuwa vyeusi kwa lami, vina viraka, vinanuka dagaa. Alivua viatu, akaingia, akafunua ubao mmoja mmoja, akachokoa kwa msumari wake, akagonga, akainamisha sikio. Aliuliza kopo la kutolea maji liko wapi. Mvuvi mmoja alinyimwa ruhusa wiki nzima kwa sababu kopo lake lilikuwa na tundu. Akimaliza wavuvi walimwambia, "Ber," yaani kwa Kijaluo sawa, lakini nyuso zao hazikusema sawa.

Akifika kwa boti yetu, habari ilikuwa nyingine kabisa. Alisimama wima hatua tano kabla ya kuifikia, mikono ubavuni, akaitazama bendera. Kila mtu alifanya hivyo siku hizo, shuleni, ofisini, kokote. Kisha akaizunguka taratibu. Aliangalia rangi, akaangalia kamba zilivyokunjwa, akasoma namba ubavuni, akaandika. Msumari haukutoka mkobani. Kuingia na kung'oa mbao chini ya bendera ya taifa, wakubwa wa wilaya wamesimama wanasubiri, nani angethubutu? Hakupewa rushwa, nataka hilo lieleweke. Hata chai hakunywa. Aliandika "chombo kiko katika hali nzuri", akatia sahihi, akaenda kumsumbua mvuvi mwingine.

Nami nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi na kuvimba kichwa. Niliwaambia wanawake wenzangu kisimani, "Mnaona mtu wa kazi anavyoitambua kazi?" Waume zao walikuwa wamechokolewa mitumbwi tangu asubuhi, nami najipitisha na sanduku langu la bendera. Ningekuwa wao ningenitia kibao.

Kitu kimoja tu kilininyima raha, na nilikijua mimi peke yangu. Baba watoto hakujua kuogelea. Nahodha wa ziwa! Niligundua mwaka wetu wa kwanza, tulipokwenda kuoga. Maji yalipomfika kiunoni aligeuka akarudi, akajifanya ameona kitu ufukoni. Nilimwuliza waziwazi. Akasema, "Nahodha haogelei. Nahodha anaendesha." Nikacheka naye. Walipokuwa wakizunguka karibu na ufuko sikuwa na hofu kubwa, kwa sababu hata ikizama wangetembea mpaka nchi kavu.

Ukaja mwaka ambao kila kitu kiliadimika. Rangi ikawa haionekani. Baba watoto alipata kopo moja dogo, akapaka pale panapoonekana. Nyuma, bendera inapoangukia kukiwa hakuna upepo, hakupaka. Na akaanza kuniomba vipande vya kitambaa vinavyobaki nikikata na kushona upya pindo zilizoliwa na upepo.

"Vya nini?" nilimwuliza.

"Vya kupangusia."

Nikampa. Leo kipande, kesho kipande. Nikajisemea huyu mtu anaipangusa boti mpaka itaisha.

Mwaka huo huo wakubwa wakaamua kwamba sikukuu ya Sabasaba hawatazunguka ufukoni kama kuku. Watavuka ghuba mpaka ng'ambo, wakasherehekee na wenzao wa kule, wakiwa na ngoma na wageni. Kuvuka kule ni nusu siku, na katikati unaona maji pande zote. Wakataka boti ivae vibendera kutoka kichwa cha mlingoti mpaka mbele na mpaka nyuma. Mkaguzi angepita siku mbili kabla ya sikukuu, kama kawaida.

Siku tatu kabla ya mkaguzi kuja nilikwenda kupima. Baba watoto alikuwa amepanda Tarime kutafuta kamba. Nilipanda botini peke yangu na uzi wangu na mkasi wa baba, ule mzito wa chuma. Nikasimama juu ya ubao, nikanyoosha mkono kufunga uzi mlingotini, mkasi ukanichomoka kiunoni. Ukapita katikati ya mbao za sakafu, nikausikia unatua. Lakini haukulia. Chuma kikidondoka juu ya mti kinalia, huu ulinyamaza.

Nikafunua ubao. Mkasi ulikuwa umesimama wima, umechomeka chini kabisa mwa boti kama umechomekwa kwenye kiazi kilichoiva. Niliugusa ule mti. Ulibonyea, maji yakatoka kwenye vidole vyangu. Nikafunua ubao wa pili, na wa tatu. Pote palikuwa pamepakwa lami nene, na chini ya lami nyufa zimejazwa vitambaa. Nilivuta kimoja. Kilikuwa kijani, kina mshono wangu wa pinda-tatu.

Nilichokuwa nakishika mkononi kilinieleza mambo mawili kwa pamoja: boti imeoza, na yeye anajua.

Aliporudi mchana ule nilimpokea kamba, nikamwonyesha kile kipande. Alikitazama, akaketi juu ya gogo la kuanikia nyavu.

"Umefunua," alisema.

"Mkasi ulianguka."

"Inavuja kidogo tu, mama watoto. Kila chombo kinavuja."

"Mkasi umezama mpaka kwenye mpini. Huko si kuvuja."

"Naijua mimi. Najua inapouma. Nikikaa kushoto na mzigo ukiwa mbele, maji hayapandi."

"Na kule katikati, upepo ukikuamuru ukae kulia?"

Nikamsogelea, nikamwuliza polepole, "Baba watoto, unajua kuogelea?"

Akainamisha kichwa. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Ukisema, wataivunja. Wakiivunja, mimi ni nani? Nirudi Itiryo niwaambie ndugu zangu nini? Ng'ombe sina, boti sina. Niapie hutamwambia mtu."

Na alikuwa analia. Sijui kama umewahi kumwona mwanamume wa Kikurya akilia. Hawa ni watu wanaosimama jandoni, kisu kinapita, jicho halipepesi, na wasichana wote wanatazama. Sasa huyu wangu machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kamba aliyoileta. Niliapa. Nilisema, "Naapa mdomo wangu hautaitaja hiyo boti kwa mtu yeyote." Ningeapa chochote wakati ule ili anyamaze.

Kisha nikawa na siku mbili za kujuta. Kwenda kwa mkaguzi nisingeweza. Nimeapa, tena mke kumshitaki mume wake kwa serikali, ningetazamana vipi na watu? Kumwambia asiende, nilimwambia, akasema wakubwa wameshaalika wageni. Niliwaza kujifanya mgonjwa, nikajua atanipeleka kwa baba yangu na kuvuka vilevile. Nilimwona kila saa akiwa katikati ya ghuba, amekaa kushoto.

Jibu lilinijia nikiwa napiga pasi. Nilikuwa nimeishika bendera ya taifa, pasi ya mkaa mkono mwingine, nikamfikiria mkaguzi anavyosimama hatua tano. Nikajiuliza, je, akikuta hakuna cha kusimamia?

Asubuhi ya ukaguzi niliamka kabla ya kila mtu. Nilikuwa na nusu mche wa sabuni nimeuficha ndani ya pipa la mtama, akiba ya kumwogeshea mtoto mwingine Mungu akijalia. Nikautoa. Nikachukua bendera zote sandukuni, ya taifa, ya chama, na vile vidogo vyote thelathini na ushee, nikazitia kwenye beseni na maji. Zilikuwa safi kama zilivyotoka kwenye pasi. Nilizisugua kana kwamba zimetoka kwenye tope.

Baba watoto akatoka nje, anafunga vifungo vya shati.

"Bendera ziko wapi?"

"Ninazifua. Zimechafuka. Keshokutwa ni sikukuu."

Alisogea mpaka kwenye beseni, akasimama. Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu na sikuthubutu kuitoa. Nilingoja anipige, au anitukane, au aniulize juu ya kiapo changu, na jibu nilikuwa nalo tayari: mdomo wangu haukutaja boti. Mkono wake ulinyooka kidogo, ukarudi. Kisha akachukua kofia yake akateremka mwaloni.

Nilimfuata na beseni langu. Wanawake huwa tunafulia palepale ufukoni, hakuna aliyeshangaa. Na boti ilikuwa pale, nimeizoea miaka yote, lakini siku ile ndiyo niliiona kwa mara ya kwanza. Bila bendera ilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Mlingoti umechubuka. Nyuma, pasipopakwa rangi, mti ulikuwa wa kijivu na una ukungu. Ilikuwa imekaa chini zaidi majini kuliko inavyopaswa, na mimi na watu wote mwaloni hatukuwahi kuliona hilo, kwa sababu macho yetu yalikuwa juu.

Mkaguzi akaja na soksi zake. Alifika hatua tano, akataka kusimama wima, akakuta hana cha kusimamia. Akatazama huku na huku kama mtu aliyepotea nyumba.

"Ndugu nahodha, bendera ziko wapi?"

Baba watoto alinyoosha kidole kwangu. Nikainuka na maji yananitiririka viwikoni. "Shikamoo, mzee. Ninazifua, kwa ajili ya sikukuu."

"Marahaba, mama. Vizuri sana." Lakini tayari alikuwa anaitazama boti. Akaenda nyuma. Akagusa ule mti wa kijivu kwa kidole, akakinusa kidole. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa boti ile: akakaa chini, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri ndani ya kiatu. Alipofungua mkoba na kutoa msumari, nilirudi kwenye beseni langu, nikaifua bendera ambayo nilikwisha kuifua mara tatu.

Sikutaka kuona, lakini masikio hayana kope. Nilisikia ubao wa kwanza unafunuliwa. Nikamsikia anasema "Ah," taratibu, kama mtu aliyefunua shuka akamkuta mgonjwa kazidiwa. Nilipogeuka alikuwa amesimama ndani ya boti, ameinua juu kitambaa cheusi kwa lami, kinachuruzika maji, na kwenye ncha yake rangi ya kijani inaonekana. Wavuvi wote wameacha kazi. Hakuna aliyecheka, na nilidhani watacheka. Baba watoto alisimama kando, kofia mkononi, wima kabisa.

"Nahodha," mkaguzi alisema, "ulijua?"

"Nilijua."

Mkaguzi alishuka. Hakumgombeza. Aliandika kwa muda mrefu, akachana karatasi, akampa. Boti isiondoke pale ilipo, siku ile wala nyingine. Kisha akaja upande wangu, miguu mitupu, soksi mkononi, akatazama zile bendera nilizozianika juu ya majani.

"Kumbe ni wewe unayezifua."

"Ni mimi, mzee. Na kuzishona."

Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii nikiziona nilisema moyoni, watu wanaotunza bendera namna hii hawawezi kuacha ubao uoze. Nilikuwa nakagua kazi yako, mama. Boti yenyewe sikuikagua hata siku moja." Akasita. "Na humu walipanda watu."

Alikuwa anajilaumu yeye, lakini kila neno liliniingia mimi. Nilitamani ziwa linifunike. Kumbe heshima ile yote niliyojivunia kisimani ilikuwa pazia, na nyuma ya pazia mume wangu alikuwa ameketi juu ya mti uliooza. Nilimwambia tu, "Pole na kazi, mzee," nikainama tena kwenye beseni.

Sabasaba wakubwa walikwenda kwa lori. Boti iliburutwa nchi kavu, ikavunjwa, mbao za juu zilizokuwa nzima zikapelekwa shule ya kijiji zikawa madawati. Baba watoto aliivunja kwa mikono yake mwenyewe. Hakutaka mwingine aiguse. Mimi alinipa mgongo. Alikula nilichopika, alicheza na watoto, alinijibu nikimwuliza, lakini macho yake hayakukutana na yangu kwa miezi miwili. Nilistahili, nikajua nastahili, na bado kila asubuhi nilipomwona anapumua niliona nimepata faida.

Hatukurudi Itiryo. Mjomba wake aliishi Kisaka, kule Serengeti, akamwita, akampa mtamba mmoja wa kuanzia. Tulikwenda na watoto, cherehani na sanduku. Tulilima mtama na mihogo, mtamba akazaa, na watoto wake wakazaa. Nilishona sare za shule. Baba watoto akawa mtu wa ng'ombe tena, na siku ya kwanza nilipomsikia anampiga ndama ubavu kwa kiganja na kumsemesha yale maneno laini, nilijificha nyuma ya ghala nikalia kwa furaha. Ndugu zake waliacha kumwita kambare. Habari ya boti hatukuizungumza. Hakuikataza, haikuzungumzwa tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka watoto wakaoa, na mimi nikaanza kuitaja miaka yangu kwa kukisia.

Kisha alasiri moja nilikuwa naanua nguo kambani. Zilikuwa hazijakauka vizuri, na upepo wa kutoka mbugani ulikuwa unazipiga. Baba watoto alikuwa anapita na fimbo yake kwenda kunywesha. Akasimama, akaitazama shuka moja inavyojitupa huku na huku.

"Unajua," alisema, "bendera mbichi nayo inapepea."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Asubuhi ile. Ningezikamua nikazitundika hivyo hivyo. Upepo wa ziwani ungezikausha kabla mkaguzi hajashuka kitandani kuvaa soksi. Niliwaza hilo nimesimama juu ya beseni. Hata mkono nilishaunyoosha."

Mimi sikuwahi kuliwaza, naapa. Hila yangu yote, sabuni ya akiba, ujanja niliojisifia kimoyomoyo miaka yote na kujilaumu kwa ajili yake miaka yote, ilikuwa na tundu kubwa kuliko boti yenyewe, na mimi sikuliona.

"Kwa nini hukuzichukua?" nilimwuliza.

Aliegemea fimbo yake. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Nilikuona mikono inatetemeka ndani ya maji," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa peke yangu karibu mwaka mzima. Kila wakishuka watu salama naenda nyuma ya boti natapika. Nikakuona, nikajua tunaogopa wawili. Nikachoka."

Nililia pale pale, shuka mbichi mkononi. Miaka thelathini nilidhani nilimshusha yule mwanamume kutoka kwenye boti yake kwa nguvu, kumbe alishuka mwenyewe. Yeye alinitazama akacheka, akaniambia nimpishe njia, ng'ombe hawajanywa.